‘Malaika’: Wimbo wa asiye na mahari na ugomvi wa nani aliyeutunga

UKIKAA katika ukumbi wa harusi mjini Tukuyu siku ya Jumamosi, hasa katika miezi ile ambayo fedha za kahawa zimekwishaingia mikononi mwa watu, hutatoka kabla ya kuusikia wimbo mmoja wa zamani.

Utapigwa wakati wa kukata keki, au wazazi wa bibi harusi watakapoinuka kwenda kutoa zawadi. Vijana walioletewa muziki wa kizazi kipya tangu saa mbili usiku watanyamaza kidogo, na wazee waliokuwa wakisinzia kwa baridi ya milimani watainua vichwa.

Wimbo huo ni ‘Malaika’. Katika harusi moja aliyoihudhuria mwandishi wa makala haya, mshereheshaji aliutangaza kuwa ni wimbo wa Miriam Makeba. Mzee mmoja katika meza ya jirani akatikisa kichwa na kusema kuwa ni wa Mkenya Fadhili William. Mwenzake naye akamkatiza kwa ukali: mtunzi ni Mtanzania, na Wakenya wamepokea sifa isiyo yao.

Hayo si mabishano ya mezani tu. Nyuma yake kuna swali la haki na la fedha, na limekaa bila jibu la kuridhisha watu wote kwa zaidi ya nusu karne.

Kabla ya kufika huko, inafaa kuutazama wimbo wenyewe. Wapo wengi wanaoucheza na kuucheka harusini bila kutambua kwamba haukutungwa kwa ajili ya harusi. Ni wimbo wa harusi iliyoshindikana.

Anayeimba ni mwanamume. Anamwita mpenzi wake malaika, kisha anamfananisha na ndege mdogo, na kumweleza kwamba angemuoa lau si umaskini. Hana mali. Fedha, au tuseme kukosekana kwake, ndiko kunakomsumbua roho. Hakuna mshindani anayetajwa, wala usaliti, wala ugomvi wa wapendanao.

Neno malaika lilitujia kutoka Kiarabu, na Kiswahili kimelipa kazi nyingi: hutumika kwa viumbe wa mbinguni, kwa mtoto mchanga, hata kwa vinyweleo laini vya mwilini. Katika mapenzi ni sifa ya mwanamke mzuri. Lakini uzito wa wimbo hauko katika neno hilo. Uko katika neno mali.

Kwa msikilizaji wa Rungwe neno hilo halihitaji ufafanuzi. Kwa Wanyakyusa wa vizazi vilivyopita, mali ya kuolea ilikuwa na miguu minne na ililala zizini kwa baba.

Wataalamu wa elimu ya jamii Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, waliishi na kufanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938. Mojawapo ya vitabu vilivyotokana na kazi hiyo, ‘Good Company’ cha Monica Wilson, kilichapishwa mwaka 1951 na bado kinasomwa vyuoni. Kinaeleza jinsi vijana wa rika moja walivyojitenga na kujenga kijiji chao, wakaishi na kukua pamoja humo.

Vijana hao walikuwa na kijiji, lakini hawakuwa na ng’ombe. Ng’ombe walikuwa chini ya mamlaka ya baba. Kijana aliyetaka kuoa alisubiri baba atoe, na mara nyingi baba naye alisubiri dada wa kijana aolewe ili ng’ombe wa mahari wa binti wapate kumuozesha kaka.

Mfumo huo uliwafaa wazee. Mwenye ng’ombe wengi aliweza kuoa wake wengi, na kila mke wa nne au wa tano wa mzee mmoja alikuwa mke ambaye kijana fulani hakumpata. Wasichana waliolewa wakiwa wadogo, wakati wavulana walichelewa kwa miaka mingi. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin, waliofika katika eneo hilo mwaka 1891, waliipinga ndoa ya wake wengi, lakini hata kwa waumini wao suala la ng’ombe lilibaki palepale.

Njia ya kumzunguka baba ilipatikana kaskazini. Dhahabu ya Lupa, katika eneo la Chunya, ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa ikivuta wanaume kutoka kila upande. Vijana wa Rungwe walivuka milima ya Uporoto kwenda kufanya kazi huko, na baadaye wengine walifika hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Walitafuta fedha za nguo na za kodi, na pia ng’ombe wa kuolea wasiotoka mkononi mwa baba. Aliyerudi bila kitu, kwa ugonjwa au kwa bahati mbaya, alimkuta yule aliyemwacha nyumbani amekwishapelekwa kwa mwenye zizi.

Kwa hiyo wimbo huu ulipofika katika milima hii kwa redio na kwa santuri, haukuleta habari ngeni. Ulitungwa mbali, kwa Kiswahili cha mjini, lakini msiba wake ulikuwa ukifahamika kijijini.

Na ni nani basi aliyeutunga?

Jina linalotajwa zaidi na Watanzania ni Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916. Kwa mujibu wa simulizi ya upande wake, aliutunga mwaka 1945 wakati akiishi Nairobi kwa muda, kwa ajili ya msichana aliyempenda. Wazazi hawakuukubali uhusiano huo, na msichana akaozwa kwa mtu mwingine mwenye mali. Simulizi inaendelea kusema kuwa Salim hakupata nafasi ya kuurekodi.

Jina linaloandikwa kwenye santuri ni la Fadhili William, mwanamuziki kutoka Taita nchini Kenya, aliyezaliwa mwaka 1938. Takriban mwaka 1960 aliurekodi akiwa na kundi lake la Jambo Boys. Baadaye aliurekodi tena akiwa na bendi ya Equator, chini ya kampuni ya Charles Worrod jijini Nairobi.

Bendi hiyo ya Equator ilikuwa na watu wa kila mahali. Daudi Kabaka alikuwamo, na walikuwamo pia Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliotoka Zambia. Nairobi ya wakati huo ilikuwa soko la muziki la kanda nzima, na mtu aliyetaka sauti yake iwe santuri alikwenda huko.

Wako pia Wakenya wengine wa pwani waliotajwa au waliojitaja kuwa watunzi, miongoni mwao Grant Charo na Lucas Tututu. Madai yao hayakupata nguvu kama ya wawili wa kwanza, ingawa yanatosha kuonyesha kwamba wimbo huu ulikuwa ukitembea vinywani mwa watu kabla haujafungwa katika santuri.

Tukiyapima madai hayo kwa utulivu, tunaona jambo moja ambalo pande zote mbili hupenda kulipita haraka. Fadhili William alizaliwa mwaka 1938. Kama kweli wimbo uliimbwa Nairobi mwaka 1945, yeye alikuwa mtoto wa miaka saba na hawezi kuwa mtunzi. Lakini ‘kama kweli’ ndiyo yenye uzito wote hapo. Ushahidi wa mwaka 1945 ni kumbukumbu za watu, zilizosimuliwa hadharani baada ya wimbo kupata umaarufu. Ushahidi wa Fadhili unaweza kuwekwa kwenye gramafoni na ukasikika.

Husemwa mara nyingi kwamba Salim alinyimwa haki kwa sababu Nairobi ya mwaka 1945 haikuwa na sheria ya hakimiliki. Maelezo hayo si sahihi. Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911 ilitumika pia katika himaya yake, Kenya ikiwamo, na Kenya huru ilitunga sheria yake mwaka 1966.

Tena sheria ile haikumtaka mtunzi ajiandikishe popote. Haki ilizaliwa pamoja na kazi yenyewe. Kwenye karatasi, Mwafrika aliyetunga wimbo barabara ya River Road alikuwa na haki sawa na mtunzi wa London.

Alichokosa kilikuwa alama ya kumwonyesha hakimu. Hakuandika noti za muziki, kwa maana wapiga gitaa wengi wa wakati huo hawakufundishwa kuandika. Hakuwa na santuri. Hakuwa na mchapishaji aliyeweka nakala yenye tarehe. Wimbo wake, kama ulikuwa wake, uliishi hewani, na aliyeusikia na kuupenda aliondoka nao.

Kwa hali hiyo, mashine ya kurekodi iligeuka kuwa ofisi ya usajili bila mtu kuitangaza hivyo. Jina lililoandikwa na karani wa studio kwenye kibandiko cha katikati ya santuri ndilo lililokwenda kwa mawakala wa mirabaha Ulaya na Marekani. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Hilo liliwaumiza hasa wanamuziki wa upande wetu. Tanganyika ilikuwa na redio tangu mwaka 1951, ilipoanza Sauti ya Dar es Salaam, na baadaye Redio Tanzania ilirekodi bendi nyingi kwa matangazo yake. Lakini kutangazwa redioni na kuuzwa kama santuri ni mambo mawili. Aliyetaka la pili alipanda basi kwenda Nairobi.

Kisha wimbo ukatoka Afrika Mashariki, na hapo ndipo fedha halisi zilipoanza kuzungumzwa.

Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Harry Belafonte wa Marekani walitoa santuri ya pamoja, ‘An Evening with Belafonte/Makeba’, iliyokuwa na ‘Malaika’ ndani yake. Mwaka uliofuata santuri hiyo ilipata tuzo ya Grammy, katika fungu la muziki wa kiasili.

Fungu hilo lina maana yake. Katika miaka ile kampuni za Marekani zilikuwa na mazoea ya kuichukulia nyimbo ya Kiafrika kama tunda la porini, lililoota lenyewe, lisilo na mwenye shamba. Neno ‘kiasili’ lilisikika kama heshima, lakini kwa mhasibu lilimaanisha kwamba hakuna wa kulipwa.

Makeba aliuchukua wimbo huu katika majukwaa ya dunia kwa miongo kadhaa, hadi watu wengi, kama yule mshereheshaji wetu wa Tukuyu, wakaamini kuwa ni wake. Hakuna ubaya katika kuuimba vizuri. Alifariki dunia mwaka 2008 nchini Italia baada ya kutoka jukwaani, na Belafonte akafariki mwaka 2023.

Mwaka 1967 kundi la Hep Stars la Sweden liliutoa kwa wasikilizaji wa kaskazini ya Ulaya. Mpiga kinanda wake alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye alipata umaarufu na kundi la ABBA. Mwaka 1981 Boney M, waliokuwa wakitawala kumbi za dansi kutoka Ujerumani Magharibi, wakauweka katika albamu yao ya ‘Boonoonoonoos’. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi katika ‘Logozo’, na kati ya wageni wote pengine ndiye aliyeurudisha karibu zaidi na huzuni yake.

Mswahili anayesikiliza matoleo hayo hukutana na kichekesho kidogo cha sarufi. Katika lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Wimbo umetumia kitenzi cha kuoa, maana ni mwanamume anayelia. Makeba na Kidjo wameuimba bila kukibadili, wanawake wanaotamani kuoa, na duniani kote hakuna aliyeshtuka ila wasemaji wa Kiswahili. Matamshi ya wageni wengine nayo tuyasamehe.

Wakati wimbo unazunguka dunia hivyo, Fadhili William hakuwa tajiri. Aliishi Marekani kwa miaka mingi, akarejea Kenya katika miaka ya 1990, na akafariki dunia jijini Nairobi Februari mwaka 2001. Mtu ambaye upande mmoja unamlaumu kwa kuchukua kisicho chake alilalamika maisha yake yote kwamba na yeye hakupata haki yake.

Tuache Nairobi kwa muda twende Ufaransa, kwa sababu huko uko wimbo wa mapenzi unaoweza kutusaidia kuona tofauti iko wapi.

‘Plaisir d’amour’ ni miongoni mwa nyimbo za mapenzi za Kifaransa zenye umri mkubwa zinazoimbwa hadi leo. Maneno yake yaliandikwa na Jean-Pierre Claris de Florian na yamo katika hadithi yake iitwayo ‘Célestine’. Muziki uliwekwa na Jean-Paul-Égide Martini mwaka 1784. Mtunzi mwingine mkubwa, Hector Berlioz, aliupangia ala za okestra mwaka 1859.

Wimbo huo ni wa majuto: furaha ya mapenzi ni ya kitambo kifupi, huzuni yake ni ya maisha. Mwimbaji ameachwa na mwanamke aliyemwapia. Utaona kwamba mali haitajwi. Mfaransa huyo amepoteza moyo wa mtu, na yule wa kwetu moyo anao ila ng’ombe hana.

Martini mwenyewe alikuwa Mjerumani wa Bavaria aliyehamia Ufaransa na kubadili jina. Pamoja na hayo, haijasikika Mjerumani na Mfaransa wakishikana mashati harusini kwa ajili ya wimbo huo. Sababu ni kwamba uliandikwa na kuchapishwa wakati watunzi wake wakiwa hai, majina yao yakiwa juu ya ukurasa. Zaidi ya miaka 200 baadaye karatasi bado inawasemea.

Mwaka 1961 sauti ya wimbo huo ilizaliwa upya Marekani. Watunzi watatu, Hugo Peretti, Luigi Creatore na George David Weiss, waliichukua na kuijengea wimbo wa ‘Can’t Help Falling in Love’, ambao Elvis Presley aliuimba katika filamu ya ‘Blue Hawaii’. Martini alikuwa kaburini tangu mwaka 1816 na Florian tangu 1794, kwa hiyo hakukuwa na wa kudai.

Katika mwaka huohuo, watu walewale watatu walifanya kazi nyingine iliyowaletea fedha nyingi. Waliuandikia maneno ya Kiingereza wimbo wa Kiafrika na kuupa jina la ‘The Lion Sleeps Tonight’, ukaimbwa na kundi la The Tokens.

Asili ya wimbo huo ni ‘Mbube’, uliotungwa na Solomon Linda, Mzulu, na kurekodiwa Johannesburg mwaka 1939 akiwa na kundi lake la Evening Birds. Mwanamuziki Pete Seeger na kundi la The Weavers waliupeleka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakiuita ‘Wimoweh’, na mtunzi akaandikwa Paul Campbell, jina la mtu asiyekuwapo.

Linda hakuwa marehemu wa karne zilizopita kama Martini. Mwaka 1961 alikuwa hai, mkazi wa Soweto. Haki za wimbo wake alikuwa amekwishaziuza kwa kampuni ya Gallo kwa shilingi 10, na kampuni hiyohiyo ilikuwa imempa kazi katika bohari yake. Alifariki Oktoba 1962 akiwa maskini.

Mabinti zake walikuja kupata haki kupitia ileile sheria ya Uingereza ya mwaka 1911. Ilikuwamo ibara isemayo kwamba haki aliyoiuza mtunzi inarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Mawakili wa Afrika Kusini waliifufua ibara hiyo, kesi ikafunguliwa dhidi ya kampuni ya Disney mwaka 2004, na Februari 2006 yakafikiwa makubaliano: familia ilipwe, na Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza.

Wapo waliosikia habari hiyo na kuuliza kwa nini ‘Malaika’ isipite njia hiyohiyo. Jibu ni chungu. Familia ya Linda iliingia vitani ikiwa na santuri ya mwaka 1939 yenye sauti ya baba yao. Swali la nani mtunzi lilikwishajibiwa, likabaki la nani alipwe.

Kwa ‘Malaika’ tunakwama kabla ya kufika kwa hakimu. Anayedaiwa kuutunga mwaka 1945 hana santuri ya mwaka huo, na aliye na santuri hana njia ya kuthibitisha kwamba hakuusikia mahali kabla ya kuuingiza studio. Mwandishi wa makala haya anaona simulizi ya Salim ina harufu ya ukweli, hasa kwa jinsi inavyofanana na maneno ya wimbo wenyewe. Lakini anakiri pia kwamba simulizi inaweza kufanana na wimbo kwa sababu ilisimuliwa na watu wanaoujua wimbo. Hiyo si hukumu inayoweza kuandikwa kwenye hundi ya mirabaha.

Na muda unakwenda. Sheria ya Kenya humlinda mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Ikihesabiwa kwa jina la Fadhili William, ulinzi huo utakoma mwishoni mwa mwaka 2051. Kuanzia hapo, kwa Kenya, wimbo utakuwa wa kila mtu, na ugomvi utabaki wa heshima tu.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na kutokana nayo ikaundwa COSOTA. Kama ile ya mkoloni, haimlazimishi mtunzi kujiandikisha ndipo apate haki. Lakini aliyejiandikisha ana tarehe, na tarehe ndiyo aliyoikosa Salim. Kwa wanakwaya wa Rungwe na wapiga gitaa wa Tukuyu, simu ya mkononi inayohifadhi sauti pamoja na siku na saa iliyorekodiwa ni ushahidi ambao mwanamuziki wa Nairobi wa mwaka 1945 hakuuota.

Kuhusu mahari, sheria ilikwishasema siku nyingi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama mila ya mahari haikufuatwa. Kijana wa leo akimwambia msichana kwamba hawezi kumuoa kwa sababu hana mali, mbele ya sheria anakosea.

Mbele ya wajomba wa msichana hakosei. Ng’ombe wengi siku hizi ni wa daftarini, huhesabiwa kwa fedha taslimu, na mshenga hubeba bahasha badala ya kuswaga mifugo. Vijana wa Rungwe bado huondoka kwenda kutafuta, safari hii Mbeya, Dar es Salaam au kuvuka mpaka wa Kasumulu, na baadhi yao bado hurudi wakiwa wamechelewa.

Katika harusi ile ya Tukuyu, wazee wawili hawakupatana. Keki ilikatwa, wimbo ukafika mwisho, na mpiga muziki, kwa kuombwa na meza ya mbele, akaurudia tangu mwanzo. Mara hii haikuwa sauti ya Makeba. Ilikuwa ile ya zamani ya Nairobi, yenye mikwaruzo, gitaa na sauti nyembamba ya Fadhili William, na yule mzee aliyemtetea Mtanzania ndiye aliyeinuka wa kwanza kucheza.